Hasira Kumi na Moja Bila Sababu

"Anaendeleaje?" daktari aliuliza, na macho yake yalikuwa kwa dada.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, magoti yangu yanagusa meza yake. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nimeoga, nimevaa, nina ulimi wangu kinywani. Miaka tisa naingia vyumba vya madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na miaka tisa swali ni hilo hilo, linanipita mimi linakwenda kwa dada. Utadhani nimeletwa kwenye kikapu.

Sababu wanayo, siwanyimi haki yao. Mwenye kifafa hajioni akianguka. Akizinduka anakuta ulimi umeumia, nguo zimelowa, watu wamemzunguka na kila mmoja ana hadithi yake. Anayejua macho yaligeukia upande gani, mkono upi ulianza kutetemeka na ilichukua muda gani ni yule aliyekuwa amesimama pembeni. Kwa hiyo daktari anamuuliza shahidi, na dawa inaandikwa kwa maneno ya shahidi. Shahidi wangu mimi ni dada.

Na dada ni shahidi hasa, hilo niliseme mapema kwa sababu mbele nitamsema vibaya. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwaka anapelekwa kusimamia mitihani. Ana saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, anapika nayo, anafua nayo. Nikianguka hapigi kelele wala haiti majirani. Ananilaza ubavu, anaweka kitu laini chini ya kichwa, anaangalia saa. "Dakika mbili na nusu," ananiambia nikizinduka, kama vile nimekabidhi karatasi ya majibu. Baadaye anaketi anaandika yote aliyoyaona, kwa rula. Hajawahi kuongeza wala kupunguza hata sekunde.

"Haanguki," dada akajibu. "Mwezi wa tano huu hajaanguka. Lakini daktari, bora angekuwa anaanguka."

Daktari akavua miwani. Ilikuwa na kamba, ikaning'inia kifuani.

"Amekuwa mkali," dada akaendelea. "Haambiliki, hasogeleki. Anafoka bila sababu, mtoto anamwogopa. Tunaomba umrudishie zile dawa za zamani. Zile alikuwa ametulia."

Ametulia. Nataka mjue maana ya neno hilo nyumbani kwetu, ndipo mjue nilichokuwa naweza kupoteza asubuhi ile kwenye kiti kile.

Nilianza kuanguka nikiwa na miaka ishirini na mitano, binti yangu akiwa na miwili. Baba yake alishuhudia mara ya kwanza akavumilia, mara ya pili akasema anakwenda dukani mara moja. Duka lenyewe lazima liko mbali, maana mpaka leo hajarudi. Dada akaja akatuchukua wote wawili. Mimi nikapewa chumba cha nyuma, mtoto akalala chumbani kwake. "Nakushikia tu," aliniambia, "mpaka upate nafuu." Dada hakujaliwa kuzaa. Siku ile sikulifikiria jambo hilo hata kidogo, nilishukuru.

Daktari wa kwanza alikuwa mzee aliyeandika dawa huku anaongea na simu. Aliniandikia fenobabitoni, vidonge vidogo vyeupe. Ni dawa ya siku nyingi, na wapo inaowafaa vizuri tu. Mimi ilinipunguzia kuanguka, haikukomesha. Nikianguka, dada anaripoti, mzee anaongeza. Nikianguka tena, anaongeza tena. Kila alipoongeza nililala zaidi. Nilikuwa nakula nimelala, naoga nimelala, mzaha wa jana naucheka leo. Kazini kwangu, kwa dobi anayefua mashuka ya hoteli, nilianguka na pasi mkononi, na kovu lake linaanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Dada akaenda kuniagia kwamba sirudi tena. Sikuulizwa, lakini pia sikusema.

Na mtoto akakua upande wa pili wa ukumbi. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alipofika miaka minne nilimsikia jikoni anamwita dada "mama". Nikafikiri ni ulimi wa kitoto. Halafu akaja chumbani kwangu na kikombe cha maji, akasema, "Mama mdogo, mama kasema unywe dawa."

Mama mdogo. Mimi niliyemzaa ndiye mdogo wa mama yake. Dada ndiye alipaswa kuwa mama mkubwa, kila mtu anajua hivyo, lakini yeye ndiye mama tu, bila nyongeza, na mimi nimewekwa pembeni nikawa jamaa. Mnajua nilifanya nini? Nilikunywa dawa. Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa, lakini kukitafuta ilikuwa kazi, na mimi kazi nilikuwa siiwezi. Nikageukia ukutani nikalala. Ndiko kutulia anakokusema dada.

Kisha mwaka jana yule mzee akastaafu, akaja huyu mwenye miwani ya kamba, mwanamke wa makamo, mfupi, haongei sana. Alisoma kadi yangu yote, karatasi baada ya karatasi. Akauliza kwa nini dozi imepanda mara saba. Dada akamwambia tarehe zote saba kwa kichwa. Daktari akatikisa kichwa. Alisema kuna dawa nzuri kwa aina yangu ya kifafa, lakini mwanamke akishika mimba akiwa anaitumia inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na hivyo haiandiki bila kuuliza kwanza. "Ana mpango wa kuzaa tena?"

"Hana," dada akasema.

Nilikuwepo. Nilisikia. Wakati ule kichwa changu kilikuwa bado kizito, nikakubali kwa kichwa kama mbuzi. Lile "hana" nilikuja kulikasirikia miezi minne baadaye, nikikunja mashuka, na nililikasirikia vilivyo.

Daktari hakuridhika na jibu hilo, nadhani, maana aliniangalia kidogo, akasema basi tuiache hiyo, tujaribu nyingine. Akaniandikia levetirasetamu. Hata jina lake lina vurugu. Akaeleza kwamba ile ya zamani haikatwi ghafla, mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Tuipunguze kidogo kidogo kila wiki mbili, huku hii mpya ikipanda. Na akaonya: baadhi ya watu hii inawaletea hasira. Dada akaandika yote.

Ilichukua miezi mitatu. Siku moja asubuhi niliamka nikasikia bomba la uani linadondosha maji, tone, tone, nikaudhika. Nilikaa kitandani nikishangaa. Sikumbuki lini mara ya mwisho kitu kiliniudhi. Nilitoka na kipande cha mpira nikalifunga bomba mwenyewe, nikarudi nimelowa, nafurahi peke yangu kama mwehu. Baada ya hapo akili zilinirudi moja moja. Nilirudi kwa dobi. Pasi daktari amenikataza mpaka nitimize mwaka bila kuanguka, kwa hiyo nakunja na kupanga. Wenzangu wananiita Pasi hata hivyo, wanasema sihitaji umeme.

Na nilipoamka kabisa, nilimkuta binti yangu ana miaka kumi na moja, na ana mama.

Hapo ndipo hasira zilipoanza. Nilimwambia dada siku moja tunachambua mchele: sasa nimepona, mtoto aanze kuniita mama. Akasema, bila kuinua macho, "Usimchanganye mtoto. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

"Na uchungu wa mwana aujuaye mzazi," nikamwambia.

"Uchungu gani, na wewe ulikuwa umelala?"

Nilimwaga mchele. Sikuumwaga kwa bahati mbaya, niliumwaga. Tangu siku hiyo nyumba haikukalika.

Lakini nikisema ukweli wa dada niseme na wangu. Zilikuwepo hasira nyingine ambazo sikuzielewa. Siku moja mboga ilizidi chumvi, nilikuwa nimeipika mimi mwenyewe, nikarusha mfuniko wa sufuria ukabonyeza mlango wa kabati. Hakuna aliyenikosea. Ilinipanda tu kutoka miguuni, ikafika kichwani, mfuniko ukawa umesharuka. Ilipoisha nilitetemeka. Nikajiuliza kama dada ana haki, kama yote haya ni kidonge, na mama mdogo ndiyo saizi yangu. Nilikuwa sijui. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba hasira yangu mwenyewe siwezi kuapa kuwa ni yangu.

Basi asubuhi ile, dada alipomaliza kuomba nirudishiwe usingizi, daktari alinigeukia. "Wewe unasemaje?"

Miaka tisa nililisubiri swali hilo, na lilipokuja nilifoka. "Nasema nini? Mmeshamaliza kusema! Mnanigawana hapa kama nyama, huyu anasema hana, huyu anaandika, na mimi nipo, nawasikia!" Sauti yangu iligonga kabati la mafaili. Dada aliangalia saa yake tu.

Nikajua nimejimaliza mwenyewe.

Daktari alisubiri nikae. Akaniuliza, kwa upole, kama huwa nawaza kujidhuru. Nikamwambia sijidhuru mimi, wa kuogopa ni wengine. Akaandika. Kisha akasema, "Hii dawa inaweza kuleta hasira, na nikiona ndiyo hiyo, nitaibadili. Lakini siwezi kubadili dawa iliyomkomesha mtu kuanguka kwa sababu ya neno moja, 'mkali'. Nataka nione." Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu zile zile za kifafa tulizozijaza miaka yote, zenye safu nne: Kabla, Tukio, Dakika, Baada. "Kila hasira iandikeni kama mlivyokuwa mnaandika kuanguka. Kilichotokea kabla, mlichokiona, muda, na baadaye alikuwaje. Wiki nne." Akampa dada. Nikanyoosha mkono, akanipa na mimi.

Fomu yangu naomba tusiizungumzie sana. Siku ya kwanza nilianza safu ya Kabla, nikajikuta naeleza mambo ya miaka tisa iliyopita, nikajaza karatasi mbele na nyuma, kalamu ikatoboa. Hasira ya kuandika hasira. Siku ya tatu nikaiacha.

Dada hakuacha. Kila mara nikipaza sauti, namwona anaangalia saa, halafu anakwenda mezani, anachukua rula. Mtu anaweza kuchanganyikiwa. Nilijikaza kisabuni. Wiki ya pili, siku tatu nzima nilisema ndiyo, asante, sawa dada, meno yakaniuma. Niliiogopa ile karatasi kuliko nilivyowahi kuogopa kuanguka, maana kuanguka kunaisha baada ya dakika mbili na nusu, lakini ile ingenirudisha kitandani maisha.

Siku ya nne ya kujikaza, Chiriku alirudi kutoka shule na barua ya ruhusa. Darasa lao linakwenda kutembelea kiwanda cha karatasi, mzazi atie sahihi. Mimi nilikuwa uani naanika. Mtoto alinipita, begi lake likanigusa nguo, akaingia moja kwa moja ndani. "Mama, nisainie."

Nikaingia nyuma yake na mikono imelowa. "Lete, nisaini mimi."

Hakuileta. Alimwangalia dada, kumuuliza kwa macho. Dada akasema, "Wacha tu, nimeshashika kalamu."

Basi. Niliyosema sitayarudia yote. Nilisema mwizi si lazima avunje mlango. Nilisema kuna watu wanakuombea upone huku wanaomba usipone. Nilisema mpaka koo likakauka, na Chiriku alisimama katikati na barua yake, hakulia, akaniuliza kwa sauti ya taratibu, sauti ya dada kabisa, "Mama mdogo, umekunywa dawa?"

Nilikwenda chumbani nikalia na mto mdomoni. Nilipotoka, dada alikuwa anapiga mistari.

Wiki nne zikatimia. Tulikwenda kliniki bila kusemezana, tukakaa benchi moja, katikati yetu mkoba wake. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa mabaya. Nilikuwa nimepanga kwamba akiniandikia zile nyeupe nitazipokea, nitasema asante, na nitazimwaga chooni, nianguke nitakavyoanguka.

Daktari alichukua fomu yangu kwanza, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii ni hotuba," akasema, akaiweka kando. Dada alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyefaulu. Akasogeza ya kwake: kurasa tatu safi, wino wa bluu, tarehe zimenyooka.

Daktari akavaa miwani, akaanza kusoma. Akasoma kwa sauti.

"Tukio la kwanza. Kabla: mwalimu wa darasa alikuja nyumbani, nikamwambia mama wa mtoto ni mimi. Tukio: alikasirika bila sababu. Dakika tano. Baada: alikaa uani peke yake."

"Tukio la pili. Kabla: alipika mboga, akaionja. Tukio: alirusha mfuniko. Dakika moja. Baada: alitetemeka, aliomba radhi."

Huo ulikuwa mfuniko wa pili, kabati lilishaanza kuzoea. Nikaangalia sakafu.

"Tukio la tatu. Kabla: mtoto alikuwa na homa, yeye alitaka alale naye, nikamkatalia. Tukio: alikasirika bila sababu. Dakika nane. Baada: alikaa nje ya mlango wetu mpaka kulipopambazuka."

"Tukio la nne. Kabla: mtoto alileta barua ya ruhusa, yeye alitaka kutia sahihi, nikatia mimi. Tukio: alikasirika bila sababu. Dakika sita. Kabla hajanyamaza mtoto alimuuliza kama amekunywa dawa. Baada: alilia, alidhani hatumsikii."

Daktari hakuongeza neno lake wala hakubadili sauti. Alisoma kama mtu anayesoma vipimo vya damu. La tano lilikuwa redio: iliwashwa, nikaizima kwa kofi. La sita, dada alimwambia jirani mbele yangu kwamba mimi ni mdogo wake anayemsaidia kulea mtoto wake. Bila sababu. La saba, mtoto alinyolewa nywele bila mimi kuambiwa. Bila sababu. Nikamtazama dada. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeifunika saa. Alikuwa anaisikia kazi yake mwenyewe, yote ni kweli tupu, hakuna alichoongeza wala kupunguza, maana hajui kufanya hivyo. Mwongo angeficha safu ya Kabla. Dada aliijaza kila mara, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu fomu ilisema ijazwe.

"Inatosha, daktari," akasema.

"Ndiyo kwanza nimefika la nane."

Akasoma yote kumi na manne. Alipomaliza alichukua penseli akaanza kuweka alama pembeni. "Hizi tatu, mfuniko, redio, na hili alilokusimulia mwenyewe, la kugombana na mwenzake kazini juu ya foronya, kabla yake hakuna kitu. Hizi ni zangu. Nadhani ni dawa, na nitapunguza kidonge cha asubuhi tuone. Zikizidi tutabadili, lakini haturudi kule nyuma." Akageuza ukurasa. "Hizi kumi na moja si zangu. Sina kidonge chake. Na ningekuwa nacho, nisingempa."

Akaweka penseli chini.

Mnadhani nilifurahi? Hasira ilinipanda, na safari hii niliijua ni yangu, nilikuwa na hati yake, imeandikwa kwa rula. Kumi na moja. Miezi yote ile nilikuwa najishika kichwa nikijiuliza kama nina wazimu.

Dada akasema polepole, "Alikuwa na miaka miwili. Alikuwa analia kila akimwona mama yake chini. Nani angemshika, daktari? Wewe ungemshika?"

Hilo nalo lilinikasirisha, kwa sababu ni kweli, na ukweli wake unanikaba mpaka leo. Ningependa sana awe mbaya moja kwa moja, nipumzike. Lakini mkono ule ule ulionilaza ubavu miaka tisa ndio uliomchukua mwanangu, na mimi sina namna ya kuubusu upande mmoja na kuukata upande wa pili.

Daktari aliandika dawa. Kisha akageuza kadi yangu kwenye ukurasa wa nyuma, kwenye tarehe ya kurudi, na akaniangalia mimi. "Unaendeleaje?" akaniuliza, mwisho kabisa, wakati tunasimama.

"Vibaya," nikamwambia. "Asante."

Tulirudi nyumbani vile vile, bila neno. Dada alivua viatu, akaingia jikoni, akaanza kumenya viazi. Nami nikachukua kisu cha pili nikakaa upande wa pili wa ndoo. Maganda yalikuwa yanadondoka, na mimi nilikuwa na maneno yangu yamejipanga, nasubiri afungue mdomo tu.

Chiriku akaingia kutoka shule, amevua begi nusu. "Mama, Ijumaa naweza kwenda kulala kwa rafiki yangu? Kwao wamesema sawa. Na shangazi yake atatupikia. Na Jumamosi nitarudi mapema, naapa."

Dada hakuinua kichwa. Alimenya kiazi kizima mpaka kikawa kidogo mno, akakitupa ndani ya maji.

"Muulize mama yako," akasema.

"Si ndiyo nakuuliza."

Dada akanyoosha kisu, akanionyesha mimi.

Chiriku alinigeukia kwa tahadhari, mtu anayekaribia mbwa asiyemjua. "Mama mdogo," akaanza, akamwangalia dada, akanirudia. "Naweza?"

Nilikuwa naweza kushinda kwa neno moja. Ndiyo, nenda, mwanangu, na nikupe na nauli. Angeniruka shingoni. Nililiona neno lenyewe limekaa kwenye ulimi wangu.

"Hapana," nikasema. "Siwajui wazazi wake. Kwanza niende nikawaone. Wiki ijayo pengine."

Alimgeukia dada apate rufaa, dada akaangalia viazi. Ndipo mtoto akapasuka. Alisema hakuna mtu mwingine darasani anayefanyiwa hivi. Alisema mimi sijui chochote, sijui hata rafiki yake anaitwa nani, na hapo alisema kweli. Alitupa begi, vitabu vikatoka. "Bora ulivyokuwa umelala!" akasema, akaingia chumbani, akaubamiza mlango mpaka kioo cha dirisha kikalia.

Nilikuwa nimeshika kiazi na sijui ni cha nini.

"Dakika ngapi?" nikamuuliza dada.

Aliangalia mkono wake. "Sikuhesabu," akasema. Akaendelea kumenya, machozi yanadondokea ndoo, wala hakuyafuta. Sikumbembeleza. Siku hiyo nilikuwa bado sijafika huko, na sijui kama nitafika.

Nilinawa mikono nikaenda kwenye mlango wa chumba. Ndani alikuwa anapiga kitu teke, godoro labda, anasema maneno ambayo sikuyashika yote, lakini nilisikia yanavyonihusu. Miaka tisa katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunikasirikia. Mgonjwa hakasirikiwi. Anaonewa huruma, anafunikwa shuka, anapitwa kwa kunyata. Nilisikiliza mateke yale yote, moja moja. Nikateremka nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

Mateke yakapungua, yakaisha.

"Na usikae hapo," akasema kutoka ndani, sauti imejaa kamasi. "Nakusikia unavyopumua."

"Nakaa," nikamwambia.